SOMO: KUMSAIDIA ALIYEPIGWA NA KIHARUSI ASIMAME TENA



Katika mitaa yetu, tangu Mkinga hadi Pangani, na kutoka Tanga mjini hadi Muheza na Korogwe, si rahisi kupata kijiji kisicho na nyumba yenye mtu aliyepooza upande mmoja. Twamjua. Jana alikuwa akipita kwa baiskeli yake na kutusalimu. Leo hutolewa kibarazani asubuhi na kuingizwa ndani jioni. Twakwenda kumwona, twampa pole, twakaa kidogo, kisha twaondoka. Njiani mmoja wetu husema, "Maskini, ndiyo basi tena."

Somo hili twaliandika kwa sababu ya maneno hayo, "basi tena". Mara nyingi si kweli, nayo yanadhuru, kwa kuwa mgonjwa huyasikia, na watu wa nyumbani huyashika. Twataka tujifunze jinsi mazoezi ya viungo, ambayo hospitalini huitwa fiziotherapia, yanavyoweza kumrudishia mtu mwendo wake na uhuru wake, na kazi iliyo juu yetu sisi tulio karibu naye.

1. KIHARUSI NI NINI

Kiharusi ni ugonjwa wa ubongo. Huja kwa njia mbili. Ya kwanza, mshipa wa damu unaokwenda ubongoni huziba, na sehemu ile ya ubongo hukosa damu. Ya pili, mshipa hupasuka na damu kuvuja ndani ya kichwa. Kwa kuwa upande wa kushoto wa ubongo hutawala upande wa kulia wa mwili, na wa kulia hutawala wa kushoto, mtu hupooza upande mmoja. Mara nyingi yule aliyepooza kulia hupata na shida ya kusema, kwa sababu kwa watu wengi mambo ya maneno yamo katika upande wa kushoto wa ubongo.

Hapa kuna jambo la kushika sana. Mkono haukufa. Mguu haukufa. Kilichoumia ni ile sehemu ya ubongo iliyokuwa ikivituma. Ni kama taa isiyowaka huku balbu yake ni nzima: waya umekatika njiani. Ukiisugua balbu mchana kutwa haitawaka.

Lakini ubongo una jambo la ajabu ambalo waya hauna. Waweza kutafuta njia nyingine. Mvua kubwa ikikata barabara, madereva hupita katikati ya mashamba ya mkonge. Siku ya kwanza njia ile ni nyembamba, yenye miiba, na gari hukwama. Ikipitwa kila siku huwa barabara. Isipopitwa, majani huifunika. Ndivyo ilivyo kwa ubongo uliojeruhiwa: kila mara mgonjwa anapojitahidi kutenda jambo, njia mpya hupitwa, asipojitahidi, haifunguki. Mazoezi ya viungo yamesimama juu ya jambo hili.

Tusidhani ugonjwa huu ni wa Wazungu au wa matajiri. Kuanzia Juni 2003 hadi Juni 2006 watafiti waliwahesabu watu waliopatwa na kiharusi kwa mara ya kwanza katika sehemu ya wilaya ya Hai, Kilimanjaro, na sehemu ya jiji la Dar es Salaam. Waliwapata watu 636. Baada ya kusawazisha hesabu kwa umri, walipata kama watu 109 kwa kila 100,000 kwa mwaka huko Hai, na watu 316 kwa kila 100,000 katika Dar es Salaam. Kiasi hicho cha Dar es Salaam kinazidi cha nchi nyingi tajiri. Kisababishi kikubwa ni presha ya damu iliyo juu ambayo haikutibiwa, na wengi hawakujua kwamba wanayo.

Utafiti mwingine, uliochapishwa mwaka 2008, uliuliza watu hudhani kiharusi hutoka wapi. Mjini Dar es Salaam wengi walitaja mashetani na uchawi. Nasi huku pwani twayasikia hayo: amepigwa na upepo, amekanyaga pabaya, jirani amemtupia kitu. Matokeo yake ni kwamba mgonjwa huzungushwa kwa waganga majuma mengi, akichanjwa na kufukizwa, na zile siku zilizo bora kwa mazoezi hupita bure.

2. SIKU ZA KWANZA

Ukimwona mtu mdomo umekwenda upande ghafla, au mkono hauinuki, au maneno yamechanganyika, usingoje kupambazuke. Mpeleke hospitali. Usimlazimishe kula wala kunywa, kwa kuwa kumeza huweza kuharibika na chakula kikaingia mapafuni. Usimpe aspirini kwa shauri lako mwenyewe. Kama ni mshipa uliopasuka, dawa hiyo yaweza kuzidisha kuvuja kwa damu. Mwache daktari aamue.

Akiwa amelala, ageuzwe kila baada ya saa mbili, mchana na usiku, ili asipate vidonda vya kulalia. Aweza kulazwa ubavu wa upande uliopooza, ila bega livutwe mbele kidogo lisikandamizwe na mwili. Akilala chali, mkono uliopooza uwekwe juu ya mto.

Je, aanze kuinuliwa lini? Zamani mgonjwa aliachwa kitandani siku nyingi. Siku hizi huinuliwa mapema, lakini pole pole. Utafiti mkubwa uliotangazwa mwaka 2015, wa wagonjwa zaidi ya 2,000 katika nchi tano, ulionyesha kwamba waliosukumwa kufanya mazoezi mengi katika saa 24 za mwanzo hawakupona vizuri kuliko wengine. Walirudi nyuma kidogo. Ilionekana pia kwamba vipindi vifupi vya mara kwa mara vyafaa kuliko kipindi kirefu cha kuchosha. Kwa hiyo tusimburute mgonjwa siku ya kwanza kwa pupa, wala tusimwache alale juma zima. Tumwulize mtaalamu.

3. KAZI YA MTAALAMU WA VIUNGO

Kazi hii si ya jana. Mwaka 1894 wauguzi wanne wa London walianzisha chama cha wachuaji waliofundishwa, na kutoka hapo fiziotherapia ya Uingereza ilikua. Hapa kwetu, hospitali ya KCMC huko Moshi, iliyofunguliwa mwaka 1971, ina chuo kinachofundisha kazi hii. Kwa mkoa wetu wa Tanga, mgonjwa huulizia katika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Bombo, au huanzia katika hospitali ya wilaya yake, kama Hospitali Teule ya Muheza iliyo ya Kanisa letu, akaelekezwa.

Wengi hudhani mtaalamu huyu kazi yake ni kuchua. Kuchua ni sehemu ndogo tu. Yeye ni mwalimu. Kwanza hutazama: misuli ipi ina nguvu, ipi imelegea, ipi imekaza, mgonjwa aweza kukaa bila kuegemea? Ahisi anapoguswa? Kisha humpangia hatua, moja juu ya nyingine, kama ngazi:

(a) Kujigeuza kitandani mwenyewe.
(b) Kuketi ukingoni mwa kitanda bila kuanguka upande mmoja.
(c) Kuinuka na kuketi tena.
(d) Kusimama na kuutwisha mguu dhaifu uzito wa mwili.
(e) Kutembea, kwanza kwa kushikwa, kisha kwa fimbo.
(f) Kuutumia mkono katika kazi za kila siku.

Tuitazame hatua ya (c), maana ndiyo mlango wa uhuru. Mtu asiyeweza kuinuka mwenyewe hawezi kwenda chooni mwenyewe. Mgonjwa asogee mbele hata ukingo wa kiti. Miguu yote miwili ikae chini, imerudi nyuma kidogo kuliko magoti. Aunganishe mikono yake, ainame mbele mpaka pua ipite juu ya vidole vya miguu, ndipo ainuke. Kosa letu ni kumvuta kwapani kwenda juu. Tukimvuta hivyo hujitupa nyuma, naye hajifunzi kitu. Afadhali tusimame upande wake dhaifu, tumsaidie kuinama mbele, tumwachie kazi nyingine. Afanye mara tano, apumzike, afanye tena. Akianza na kiti kirefu ni rahisi. Kigoda kije baadaye.

Katika kutembea, fimbo hushikwa kwa mkono mzima. Hutangulia fimbo, hufuata mguu dhaifu, kisha mguu mzima. Kwenye ngazi, kupanda hutangulia mguu mzima. Kushuka hutangulia fimbo na mguu dhaifu.

4. MKONO ULIOLALA

Mguu mara nyingi hurudi mapema kuliko mkono, kwa sababu mtu hana budi kuukanyagia. Mkono una mwenzake. Ule mzima hufanya kila kitu, na ule dhaifu hujifunza kulala.

Mtaalamu mmoja wa Marekani, Edward Taub, alilifuatia jambo hili miaka mingi. Shauri lake lilikuwa kuufunga ule mkono mzima, ili mdhaifu ulazimike kufanya kazi. Mwaka 2006 yalitolewa matokeo ya jaribio la wagonjwa 222 waliopata kiharusi miezi mitatu hadi tisa nyuma. Waliovaa mfuko katika mkono mzima kwa majuma mawili, huku wakifanyizwa mazoezi mengi kwa mkono dhaifu, waliendelea vizuri kuliko wenzao, na faida ilionekana hata mwaka mmoja baadaye. Lakini tuelewe: wote walikuwa tayari na mwendo kidogo katika kiganja na vidole. Asiye na mwendo wowote hafai kufungwa hivyo, atahangaika tu. Mtaalamu ndiye apime.

Hata hivyo twaweza kushika lile wazo. Nyumba ya pwani imejaa mazoezi ya mkono. Kuchagua mchele katika ungo. Kumenya chungwa. Kusuka ukili. Kushika kifuu huku mkono mwingine ukikuna nazi. Kukunja nguo zilizoanuliwa. Mkono ukiwa dhaifu sana, uwekwe mezani ushikilie sahani isiteleze. Hiyo nayo ni kazi. Kufinya mpira peke yake hakutoshi. Mkono uliopooza mara nyingi hujifunga wenyewe. Shida yake ni kufunguka. Basi vidole vinyooshwe taratibu kila siku.

5. UPENDO UNAOFUNGA

Sasa twafika penye neno gumu. Tuchukue mfano. Si mtu mmoja tunayemsema. Tumekusanya mambo tuliyoyaona katika nyumba nyingi.

Mzee alikuwa fundi cherehani. Akapigwa na kiharusi, upande wa kushoto ukapooza. Alipotoka hospitali alikuwa ameanza kuketi na kusimama kwa kushikwa. Nyumbani mkewe na wakwe walimpokea kwa furaha. Walimlisha kwa kijiko, ingawa mkono wake wa kulia ulikuwa mzima. Walimwogesha na kumvika. Alipotaka kuinuka waliambiana, "Mshikeni baba asianguke," nao wakamlaza. Miezi ikapita. Goti likakaza, bega likaanza kuuma usiku, naye akanyamaza. Mkewe naye alipata maumivu ya mgongo kwa kumbeba. Hakuna aliyekosa upendo katika nyumba ile. Upendo ndio uliomfunga.

Ndipo mtaalamu mmoja alipowaambia, "Mama, kila unalomfanyia ambalo aweza kulifanya mwenyewe, unampokonya." Maneno yalimchoma mama, akalia. Majirani nao walisema vibaya, wakimwona mzee akihangaika na shati lake robo saa huku mkewe amekaa akimtazama. Walimwita mkatili. Lakini alivumilia. Walifunga miti miwili iliyonyooka uani, sawa na urefu wa kiuno, mzee akawa anapita katikati asubuhi na jioni, mjukuu akihesabu hatua.

Hatutaki kuwadanganya wasomaji. Mkono wake wa kushoto haukurudi kama zamani. Waweza kukandamiza kitambaa mezani wakati wa kulia ukikata, basi. Lakini huenda chooni mwenyewe, hula mwenyewe, na cherehani huikanyaga kwa mguu mzima, akipindia mapazia na mashuka. Ukimsalimu, "Shikamoo, mzee," huitikia akiwa amesimama.

Hicho ndicho tunachokiita uhuru. Si lazima mtu apone yote. Kupona kwa haraka huonekana zaidi katika miezi mitatu ya kwanza, kisha huenda polepole. Lakini hata baada ya mwaka au zaidi, mwenye kuendelea na mazoezi aweza kupata jambo jipya.

6. JE, WATU WA NYUMBANI WATOSHA PEKE YAO?

Wataalamu ni wachache, na nauli kutoka vijijini hadi mjini si ndogo. Ndiyo sababu wengi walitumaini kwamba jamaa wakifundishwa, wataweza kazi yote. Huko India walijaribu, katika hospitali 14, kwa wagonjwa 1,250. Nusu yao jamaa zao walifundishwa mazoezi ya kufanya nyumbani. Matokeo yalitolewa mwaka 2017: baada ya miezi sita hapakuwa na tofauti kati ya makundi hayo mawili katika vifo wala katika kuhitaji msaada wa watu wengine.

Habari hii isitukatishe tamaa, ila itufunze. Jamaa hawawezi kushika nafasi ya mtaalamu. Wao ni mikono yake nyumbani. Mtaalamu apime, afundishe, abadilishe mazoezi mgonjwa anapoendelea. Jamaa wasimamie siku zilizo katikati. Kama twaweza kumfikisha mgonjwa kwake mara moja kwa mwezi tu, basi safari hiyo isiwe ya kuchuliwa nusu saa na kurudi. Aende yule anayemtunza, aulize, aonyeshwe, na ajaribu mwenyewe mbele ya mtaalamu.

7. NYUMBA NA MATUNZO

Kitanda cha kamba kilicholegea humfanya mgonjwa azame, asiweze kujigeuza. Tuweke mbao chini ya godoro. Chooni, kiti kilichotobolewa katikati na kuwekwa juu ya shimo, pamoja na mti wa kushika ukutani, humwokoa mtu na aibu kubwa. Mikeka inayoteleza iondolewe njiani.

Katika kuvaa, mkono dhaifu huingia kwanza katika shati. Katika kuvua, hutoka mwisho.

Mambo ya kuepuka ni haya:

- Usimvute kwa mkono uliopooza. Bega lililolegea huweza kutoka mahali pake, na maumivu yake hukaa miaka.
- Usimkande kwa maji ya moto sana wala chupa ya moto. Upande ule huenda hauhisi. Ataungua bila kujua. Kuchua kwa mafuta ya nazi, kwa upole, hakudhuru, ila hakushiki nafasi ya mazoezi.
- Usimlishe akiwa amelala chali. Aketi wima. Akipaliwa mara kwa mara, mwambie daktari.
- Usiache dawa za presha kwa kuwa "sasa ana nafuu". Kiharusi cha pili hubomoa yote yaliyojengwa.
- Usimsemee mambo yake mbele yake kana kwamba hayupo. Asiyeweza kusema mara nyingi asikia na kuelewa.

Tena tuangalie moyo wake. Wengi hushikwa na huzuni nzito, wengine hulia bila sababu. Huo nao ni ugonjwa, si utoto, na daktari aweza kuusaidia.

8. KAZI YA MTAA

Twafikiri ziara zetu kwa wagonjwa zingeweza kubadilika. Badala ya kukaa nusu saa tukisema pole, tumwombe atuonyeshe hatua zake. Tumhesabie anapoinuka kitini. Kijana mwenye baiskeli au pikipiki amchukue mtunzaji siku ya hospitali. Fundi seremala wa mtaa atoe siku moja kutengeneza kiti cha choo. Ndugu mmoja akae na mgonjwa, ili yule mama apate mchana mmoja wa kupumzika. Na kanisani tumwachie nafasi karibu na mlango, penye kitu cha kushika, asiogope kuja.

Tukifanya hivyo, tutakapotoka nyumbani kwake hatutakuwa na sababu ya kusema "basi tena". Tutaulizana, "Juma lijalo atafika wapi?"

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA VIKUNDI

1. Kwa nini twasema kiharusi ni ugonjwa wa ubongo, ingawa unaoonekana umelala ni mkono au mguu?
2. Katika mtaa wenu, mtu akipooza watu humpeleka wapi kwanza? Mwaweza kufanya nini ili asichelewe?
3. Taja mambo matatu tunayowafanyia wagonjwa ambayo wangeweza kuyafanya wenyewe.
4. Ni nani katika kikundi chenu aliyepimwa presha mwaka huu? Ambao hawajapimwa, watapimwa lini?
5. Chagueni nyumba moja yenye mgonjwa wa kiharusi. Patanieni nani atafanya nini mwezi huu, na siku gani.